Hamira Si Kamusi ya Vimelea

Msimamo unaotawala elimu ya seli kwa takriban miaka 40 sasa unashikilia kwamba mgawanyiko wa seli huendeshwa na mtambo mmoja kwa viumbe wote wenye kiini, kuanzia hamira inayoumua unga wa maandazi hadi mwanadamu anayeyala, na kwamba tofauti zinazoonekana kati ya kiumbe na kiumbe ni za pembeni, zisizogusa shina la jambo. Kwa mujibu wa msimamo huo, protini zinazoiamuru seli ianze kunakili DNA yake, zinazoikagua kazi hiyo na zinazoikata seli kuwa mbili zimekwisha kujulikana, kwa hiyo mtafiti wa malaria, wa malale au wa kala-azar amebakiwa na kazi ya kutafuta ndugu wa protini hizo ndani ya kimelea chake na kuwapa majina. Makala haya yanaupinga msimamo huo kwa sababu umechukua habari za kweli za tawi moja la viumbe na kuzifanya sheria ya mti mzima, na kwa sababu gharama ya kosa hilo inalipwa na watu walio mbali kabisa na maabara zilimotungwa sheria hizo.

Haki inadai kwamba ushahidi wa upande wa pili uelezwe kwanza kwa ukamilifu wake, maana si ushahidi dhaifu. Leland Hartwell alizichunguza hamira zilizokwama katikati ya kugawanyika, akatambua jeni ambazo kuharibika kwake ndiko kulikozikwamisha; Paul Nurse alifanya kazi kama hiyo katika aina nyingine ya hamira; Tim Hunt, akichunguza mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba, alikuta protini inayojikusanya polepole kisha kutoweka ghafla kila seli inapogawanyika, akaiita saiklini. Saiklini hushikana na kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati juu ya protini nyingine na hivyo kuiwasha au kuizima, na wawili hao wakishikana ndipo seli inapovuka kutoka hatua moja ya mzunguko wake hadi nyingine. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walionyesha kwamba jeni ya binadamu yenye kutengeneza kinasi hiyo ikiingizwa ndani ya hamira iliyopoteza ya kwake, hamira hupona na kugawanyika tena. Hartwell, Nurse na Hunt walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2001, na hakuna anayeijua kazi yao atakayesema hawakuistahili.

Lakini jaribio la mwaka 1987 lilithibitisha nini hasa? Lilithibitisha kwamba hamira na binadamu wanaelewana. Wasomaji wengi wa matokeo hayo walidhani kwamba umbali kati ya hamira na binadamu ndio upana wote wa ulimwengu wa seli zenye kiini, kumbe kuvu na wanyama ni matawi mawili yaliyochipuka karibu karibu katika mti wa viumbe, yenye babu mmoja ambaye hakumzaa kimelea cha malaria wala cha malale. Chura, nzi, hamira na mwanadamu, yaani karibu orodha nzima ya viumbe vilivyotumika kuuchora mzunguko wa seli, ni watoto wa nyumba moja. Vimelea vya malale viliachana na nyumba hiyo zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Kuwauliza ndugu wa tumbo moja juu ya desturi zao, wakajibu kwa sauti moja, kisha kutangaza kwamba hiyo ndiyo desturi ya dunia nzima, ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu angeadhibiwa kwalo.

Kosa hilo lilipata nguvu mpya pale mfuatano kamili wa jeni za vimelea ulipochapishwa, wa Plasmodium falciparum mwaka 2002, na wa Trypanosoma brucei, Trypanosoma cruzi na Leishmania major kwa pamoja mwaka 2005. Tangu hapo ikawa rahisi kuchukua orodha ya protini za hamira na za binadamu, kuipitisha kwenye kompyuta na kuweka alama ya ndiyo au hapana mbele ya kila jina. Palipotokea ndiyo, kazi ilionekana imekwisha kabla haijaanza. Palipotokea hapana, kimelea kilihesabiwa kuwa pungufu, cha kale, kilichoachwa nyuma na mageuko, kana kwamba kiumbe kinachojigawa ndani ya damu ya ng'ombe na ya binadamu bila kuchoka, huku kikibadilisha koti lake ili kinga ya mwili isikitambue, kimekosa kitu cha lazima.

Hakuna mahali ambapo upofu wa orodha umefichuka kama katika kinetokori. Kinetokori ni mkusanyiko wa protini unaojengwa juu ya kila kromosomu, mahali ambapo nyuzi zinazozivuta kromosomu upande huu na upande ule hushika; pasipo kinetokori, kromosomu haina mpini, na seli mbili zinazozaliwa hugawana urithi wao kwa bahati nasibu. Katika hamira na katika binadamu msingi wa mkusanyiko huo ni protini iitwayo CENP-A, ambayo ni histoni ya pekee, yaani mojawapo ya protini ambazo DNA huzungushwa juu yake, inayotia alama mahali pa kujengea. Ilipotafutwa ndani ya tripanosoma, yaani kimelea cha malale, haikupatikana. Zilipotafutwa protini nyingine zinazoijenga kinetokori ya kawaida, nazo hazikutambulika. Kwa mantiki ya orodha, hapo palipaswa kuwa mwisho wa safari, ilhali kila aliyeitazama tripanosoma kwa hadubini aliona kwamba kromosomu zake kubwa 11 hugawanywa kwa usahihi kizazi baada ya kizazi.

Bungo Akiyoshi na Keith Gull, wakifanya kazi Oxford, waliacha kuiuliza orodha wakaanza kukiuliza kimelea chenyewe. Walichukua protini zisizojulikana kazi yake ambazo wingi wake hupanda seli inapokaribia kugawanyika, wakazifunga taa ndogo ya rangi ili zionekane chini ya hadubini, na wakatafuta zile zinazokaa mahali ambapo kinetokori ingetarajiwa kukaa. Walipoipata moja waliitumia kama ndoana ya kuwavua wenzake, na mwaka 2014 wakatangaza protini 19, zilizopewa majina KKT1 hadi KKT19, ambazo hazikufanana kwa dhahiri na protini yoyote ya kinetokori iliyokuwa ikijulikana. Nyingine zimeongezwa baadaye. Protini hizo zilikuwa zimelala wazi ndani ya orodha ya jeni iliyochapishwa miaka 9 kabla, zikiitwa protini za kubuniwa na kompyuta, zisizo na kazi inayojulikana, na hakuna aliyezitambua kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta sura ya mtu mwingine. Inafaa jambo hili litafakariwe kwa uzito wake wote: mtambo mzima, uliomo ndani ya mojawapo ya vimelea vilivyochunguzwa kwa karne nzima, ulibaki hauonekani kwa sababu ya nadharia iliyosema kwamba hauwezi kuwapo.

Watetezi wa msimamo wa kawaida wana jibu, na ni jibu linalostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba uchunguzi wa kina zaidi umefichua ukoo uliofichika: kinasi za KKT2 na KKT3 zina sehemu zinazokumbusha kinasi za Polo, zinazojulikana kwa wanyama na kuvu, na KKT16, KKT17 na KKT18, kama ilivyoelezwa mwaka 2021, zinahusiana na protini ambazo kwa viumbe wengine huzifunga kromosomu mbili mbili wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi. Basi, wanahitimisha, hakuna kipya, ni familia ileile iliyovaa nguo nyingine. Jibu hilo linachanganya nasaba na kazi. Mlingoti wa jahazi ukifanywa boriti ya nyumba, fundi anaweza kueleza kwa usahihi kwamba ulikuwa mlingoti na hata ulitoka jahazi gani, na bado maelezo hayo hayatamwambia mwenye nyumba ni uzito gani boriti inaubeba, imefungwa kwa nini, na nini kitaanguka ikiondolewa. Protini iliyokuwa ikifunga kromosomu wakati wa uzazi, ikihamishwa na kufanywa nguzo ya kinetokori, ni habari inayothibitisha kwamba kimelea kilijijengea mtambo wake kwa mbao zilizokuwapo uani kwake. Inautia nguvu upinzani wa makala haya, haiudhoofishi.

Zaidi ya hayo, hata pale jina linapokubaliana, kazi haikubaliani. Polo katika binadamu ni miongoni mwa kinasi zinazosimamia kutenganishwa kwa kromosomu. Tripanosoma inayo kinasi ya Polo, moja tu, lakini ikiondolewa, kiini huendelea kugawanyika. Kinachokwama ni kukatwa kwa mwili wa seli, kwa kuwa kinasi hiyo hukaa kwenye shina la flagela, yaani mkia mwembamba unaochapa kama mjeledi, na kwenye mshono unaoushikiza mkia huo ubavuni mwa seli. Mwili wenyewe haukatwi kwa pete ya aktini na miosini inayojikaza kiunoni kama kamba ya mfuko, ambavyo ndivyo vitabu vinavyofundisha kuhusu seli za wanyama. Mpasuko huanzia ncha ya mbele na kushuka hadi nyuma ukiufuata mshono wa flagela, ukiongozwa na protini ambazo hamira haina wala binadamu hana. Hata ukaguzi una utaratibu wake. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba tripanosoma ya hatua inayoishi ndani ya mbung'o, ikizuiwa kugawanya kiini, hujikata tu, ikazaliwa seli yenye mkia na uhai wa muda lakini isiyo na kiini hata kidogo. Kimelea hichohicho kikiwa katika hatua ya damuni hutenda kinyume: kiini kikizuiwa, mwili haukatwi, lakini DNA huendelea kunakiliwa. Ikiwa kiumbe kimoja kina kanuni mbili katika makao yake mawili, kanuni moja ya viumbe wote itatoka wapi?

Malaria inaupeleka ubishi huu mbali zaidi, maana inatia shakani hata maana ya neno mzunguko. Ndani ya seli nyekundu ya damu P. falciparum hainakili DNA mara moja na kujikata mara moja. Viini hugawanyika duru baada ya duru ndani ya mwili mmoja usiokatwa, kila kiini kwa wakati wake ingawa vyote vinaelea katika ute uleule, hadi mwisho mwili unapopasuliwa kwa pamoja na kutoa vimelea vichanga ambavyo kwa kawaida huwa kati ya 16 na 32. Nadharia iliyojengwa juu ya ishara inayopanda na kushuka katika seli nzima haina maelezo ya viini vinavyokaa chumba kimoja na kila kimoja kikafuata saa yake. Katika tumbo la mbu kimelea cha kiume hufanya jambo la kustaajabisha zaidi: kwa muda wa takriban dakika 15 hunakili DNA yake mara tatu na kutoa gameti 8 zenye mikia. Kinasi inayofungua mlango wa mbio hizo, CDPK4, huamshwa na kalsiamu na ni ya ukoo unaojulikana kwa mimea, usiopatikana kwa wanyama. Ile inayohitajika ili DNA inakiliwe ndani ya seli nyekundu, CRK4, ni jamaa wa mbali wa kinasi za Hartwell na Nurse. Polo haimo kabisa. CENP-A, ambayo tripanosoma haina, Plasmodium anayo, jambo linalomwonya pia yule ambaye angependa kuiacha kamusi ya hamira ili aandike kamusi moja ya vimelea vyote: vimelea si taifa moja, na Giardia anayeharisha watoto, ambaye hana miosini na ambaye mtambo wa kawaida wa kuziharibu saiklini haujaonekana kwake, ni mgeni kwa wote wawili.

Kisha iko Theileria, kimelea kinacholeta ndigana kali ya ng'ombe, ambacho wafugaji kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania wanakijua kwa hasara yake hata wasipolijua jina lake. Kimelea hiki huingia ndani ya seli nyeupe ya damu na kuifanya izaane bila kikomo kama ya saratani. Seli hiyo inapogawanyika, kimelea hujilaza juu ya nyuzi zake za kuvutia kromosomu ili kikatwe pamoja nayo na kuingia katika seli zote mbili zinazozaliwa. Mwaka 2010 ilionyeshwa, katika ndugu yake Theileria annulata, kwamba kimelea huivuta kinasi ya Polo ya mwenyeji wake na kuitumia kujishikiza. Hapa protini inayoamua kugawanywa kwa kimelea imeandikwa katika jeni za ng'ombe. Orodha ya jeni za kimelea, hata ikaguliwe kwa uangalifu gani, haiwezi kuionyesha.

Ubishi huu ungeweza kuachiwa wanazuoni kama usingegusa dawa, lakini unagusa, na kwa njia mbili zinazopingana ingawa zimezaliwa na kosa lilelile. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa mtambo wa kugawanyika ni mmoja, dawa itakayouvunja ndani ya kimelea itauvunja pia ndani ya mgonjwa, kwa hiyo eneo zima liachwe. Na wapo wanaosema kwamba kwa kuwa mtambo ni mmoja, dawa za saratani zilizolala kwenye makabati ya kampuni zipimwe tu juu ya vimelea, na zitakazofaa zitajitokeza. Eflonithini, iliyotengenezwa kwanza kwa nia ya kutibu saratani, hutajwa mara nyingi kuthibitisha kauli ya pili, lakini ukiichunguza inazikanusha zote mbili. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza poliamini, molekuli ndogo ambazo seli haiwezi kugawanyika bila hizo, na kimeng'enya hicho kiko kwa binadamu na kwa kimelea cha malale ya Afrika Magharibi na ya Kati pia. Tofauti ni kwamba kwa binadamu huvunjwa na kutengenezwa upya haraka, ilhali kwa kimelea kilekile hukaa muda mrefu, kwa hiyo kikizibwa hakina mbadala. Kimelea cha malale ya Afrika Mashariki, ambacho ni ndugu yake wa karibu kabisa, hakiathiriki vivyo hivyo. Kufanana kwa jina hakukuifanya dawa kuwa sumu kwa mgonjwa, wala hakukuhakikisha kwamba itafanya kazi kwa vimelea viwili vilivyokaribiana hivyo.

Mifano ya karibuni inasema lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzao wa kampuni ya GSK walieleza dawa ya majaribio ya kala-azar ambayo shabaha yake ni CRK12, mojawapo ya kinasi za Leishmania zinazofanana na zile za mzunguko wa seli. Utafutaji wao ulikuwa umeanzia kwenye kinasi nyingine, na CRK12 ilijulikana baadaye, pale vimelea vilivyokuwa sugu vilipochunguzwa ili vieleze vilikuwa vikijikinga na nini. Mwaka 2020 ilielezwa jamii nyingine ya kemikali, ambayo mmojawapo, AB1, huua tripanosoma kwa kujifunga moja kwa moja kwenye KKT10, iitwayo pia CLK1, kinasi ya kinetokori ile iliyosemekana haipo. Kemikali hiyo hushika sisteini moja, yaani asidi amino, iliyomo katika mfuko ambamo kinasi hupokelea nishati yake, na kinasi ya binadamu inayoitwa kwa jina lilelile, CLK1, haina sisteini hiyo mahali hapo. Anayehukumu kwa majina angeisoma CLK1 upande huu na CLK1 upande ule, akaifunga faili. Aliyeangalia atomu aliona mlango.

Kwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 263 wa malaria na vifo 597,000, vingi mno vikiwa vya watoto wa Afrika, na wakati huohuo vimelea vyenye mabadiliko katika protini ya Kelch13, yanayopunguza nguvu ya dawa ya artemisinini, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Mojawapo ya njia ambazo kimelea hutumia kuponea dawa hiyo ni suala la mgawanyiko lenyewe: kikiwa kingali kichanga, katika hatua iitwayo pete, kabla hakijaanza kunakili DNA, husimamisha ukuaji wake, hulala wakati dawa, ambayo haikai damuni zaidi ya saa chache, inapopita, kisha huamka na kuendelea. Imeonyeshwa kwamba kinasi moja, PK4, ikizuiwa, usingizi huo hupungua na artemisinini hupata tena makali. PK4 haimo katika orodha ya wakaguzi wa mzunguko wa seli iliyoachwa na hamira. Jamaa zake katika viumbe wengine hujulikana kwa kupunguza utengenezaji wa protini seli inapopatwa na dhiki. Waliomkuta mlinzi huyu walimkuta kwa kukifuatilia kimelea kinapolala na kinapoamka, na bado ni nadra kuona mchoro katika kitabu cha shule, palipochorwa ncha ya mzizi wa kitunguu na hatua zake, unaomwonyesha mwanafunzi wa Bukoba au wa Kisumu jinsi kiumbe kilichomlaza kitandani kwa homa kinavyojigawa.